Chumba cha Mringaringa

Kitunguu kikinidondoka hakikai kilipoangukia.
Hubingirika taratibu, kama kilichoitwa,
mpaka kizingitini, kikatumbukia mferejini.
Wageni hudhani nyumba imezama upande.
Haikuzama. Sakafu hii ilimwagwa iiname
ili mkojo wa farasi ujiondokee wenyewe.

Ndiyo, nalala zizini.
Usa River, ng'ambo ya mto,
walipong'oa kahawa wakapanda nyanya.
Vyumba kumi na viwili vinatazamana uani,
bomba moja, choo cha zamu, na mita ya LUKU
inayogombanisha watu kuliko mirathi.
Elfu arobaini kwa mwezi, miezi mitatu mbele.

Babu Sifaeli alikuwa saisi hapa.
Neno limekufa na kazi yake:
nikilitaja sokoni wananiuliza, saizi gani?
Alipiga brashi farasi wa Bwana Kaligas,
akajua kwato zao kama mama ajuavyo meno ya wanawe.
Bwana aliwapa majina ya miji ya kwao.
Babu hakuweza kuyatamka, au hakutaka.
Aliwaita kwa kunong'ona:
Masika. Deni. Bibi Harusi.
Na yule mwekundu, mrefu, wa chumba hiki,
Mringaringa.

Yeye mwenyewe alilala nje ya ukuta,
paa la migomba, sakafu ya vumbi.
Julai, Meru ukishusha baridi yake,
aliparamia ukuta akaja kujilaza hapa,
mgongo kwenye tumbo la farasi.
Asubuhi majani makavu nyweleni yalimsema.
Walimkata mshahara mara mbili.

Bwana alipoondoka yakaja mahindi ya ushirika,
yakaja magunia ya mbolea, yakaja mapanya,
wakaja popo, wakakaa kuliko wote.
Kisha Bwana Urio, na tofali, na rangi ya kijani.
Alipaka kuta, alipaka milango,
akapaka hata pete ya chuma waliyofungia hatamu.
Naitundikia chandarua.
Nikirudi kutoka mashamba ya maua, miiba viganjani,
namkuta Ndekusara, mwanangu, ameilalia kamba yake
akiivuta-vuta, kana kwamba kuna kitu upande wa pili.

Chumba cha nane, Lomayani huingiza pikipiki ndani usiku.
Huisemesha. Tunamsikia.
Urio anataka alipe pango la wawili.

Mwaka ule kabla miguu haijamwishia
nilimleta babu aone ninapokaa.
Alisimama mlangoni, kofia mkononi,
akatazama kitanda, jiko la gesi, kalenda ya kanisa,
akauliza, Mwenyewe yuko wapi?
Nikasema, Babu, mwenyewe ni mimi.
Akaitafuta ile pete bila kutazama,
mkono ukaifikia mara moja.
Unalipa ngapi?
Nikamdanganya: elfu kumi.
Akatikisa kichwa. Wakati wetu ilikuwa shilingi nne,
nikalala usiku mmoja.
Kisha akaketi sakafuni, si kwenye kiti nilichomvutia,
akaegemeza mgongo ukutani,
akawa anasogea kidogo kidogo
kama mtu anayemwachia mwingine nafasi.

Sijaibadili milango. Ni ya vipande viwili:
cha chini hufungwa, cha juu huachwa wazi.
Umeme ukiisha na zamu ya kununua haijulikani ni ya nani,
tunafungua vya juu, mmoja mmoja,
tunalaza videvu kwenye mbao,
Mama Anasia na hindi lake la kuchoma,
mwalimu wa chumba cha tatu na miwani yake,
mimi, mwanangu akichungulia chini ya kwapa langu.
Vichwa kumi na viwili gizani, vinatafuna, vinasikiliza mto.
Lomayani anapiga pua, prrr.
Hakuna anayecheka.